Kunyamaza Darasani Si Kutojua

Kila kipindi cha masomo kinapokwisha, sisi walimu hukaa pamoja kupitia majina ya wanafunzi, darasa baada ya darasa, na kila mara hufikiwa jina ambalo mtu hulipitisha kwa maneno mawili tu: "Huyo haongei." Hakuna anayeuliza zaidi. Maneno hayo huchukuliwa kuwa maelezo kamili ya mtoto, na wakati mwingine huandikwa pembeni mwa alama zake, mzazi akayasoma jioni na kumkaripia mwanawe kwa kosa ambalo hakuna aliyeweza kulitaja.

Nafundisha biolojia katika shule moja ya sekondari hapa Bukavu, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwatazama watoto hao kwa makini kuliko ninavyowatazama wale wanaoinua mikono. Wengi wao hawanyamazi kwa kukosa la kusema. Wananyamaza kwa sababu wamekwisha kupima gharama ya kufungua kinywa mbele ya wenzao na mbele yetu, wakaona ni kubwa kuliko faida wanayoweza kuipata, na ukiwasikiliza vizuri utakuta kwamba hesabu yao ni sahihi. Hapo ndipo shida ilipo. Kama hesabu ni sahihi, basi hakuna maana ya kumwambia mtoto ajitie moyo. Kinachotakiwa ni kupunguza gharama, na gharama hiyo kwa sehemu kubwa tunaipanga sisi walimu.

Nianze na lugha, kwa kuwa hapa kwetu ndiyo ya kwanza. Mtoto wa Kadutu au wa Bagira huamka akisikia Mashi au Kiswahili, hucheza kwa Kiswahili, humsaidia mama yake kuuza kwa Kiswahili, kisha saa moja na nusu asubuhi huingia katika darasa ambamo kila jambo lenye uzito husemwa kwa Kifaransa. Wengine wametoka Shabunda na nyumbani husema Kirega, wengine Idjwi na nyumbani husema Kihavu, hivyo Kiswahili chenyewe ni lugha yao ya pili na Kifaransa ni ya tatu. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazipa lugha za taifa nafasi katika kufundishia. Lakini mtoto akishafika sekondari, nafasi hiyo huwa imekwisha kabisa. Anajua kunakili ubaoni kwa Kifaransa, anajua kukariri kwa Kifaransa, hata kufaulu mtihani kwa Kifaransa anaweza. Kubishana kwa Kifaransa, papo kwa papo, mbele ya watu 60, hajawahi kufundishwa na mtu yeyote.

Kwa hiyo anayeinua mkono katika darasa letu hufanya mitihani miwili kwa wakati mmoja, mmoja wa somo na mwingine wa lugha, na ule wa lugha ndio unaosahihishwa kwanza. Nimeshuhudia mara nyingi mwanafunzi akianza kueleza wazo zuri, mwalimu akamkatiza ili kurekebisha kitenzi, mwanafunzi akarudia kitenzi hicho vizuri, kisha akaketi; wazo likapotea na hakuna aliyelitafuta. Wenzake nao hucheka. Kicheko cha darasa katika mji wetu hakiishi siku ile ile, kwa sababu neno alilolikosea mtoto laweza kugeuka kuwa jina lake, wakamwita hivyo uwanjani na njiani kurudi nyumbani, hadi amalize shule. Ukimwuliza kwa faragha kwa nini hasemi, atakujibu wazi: "Mwalimu, batanichekelea."

Nitaeleza somo moja kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ndani yake kuna karibu kila kitu ninachotaka kukisema. Nilikuwa nafundisha jinsi viumbe vya majini vinavyolishana, na mfano uliokuwa karibu ni Ziwa Kivu, ambalo mtu akisimama dirishani kwetu analiona. Niliuliza kwa Kifaransa kwa nini sambaza, samaki wadogo wa ziwa hilo, huvuliwa usiku kwa taa. Darasa zima lilikuwa kimya. Kijana mmoja wa benchi la nyuma, ambaye jamaa zake ni wavuvi wa kisiwa cha Idjwi, aliinama juu ya daftari lake kama wengine wote. Nikalirudia swali kwa Kiswahili, nikawaomba wazungumze kwanza wao kwa wao, kila benchi peke yake, kabla ya mtu yeyote kusimama.

Nilipopita karibu na benchi lake nilimkuta anawaeleza wenzake kwa mikono yote miwili. Aliwaonyesha jinsi mitumbwi mitatu inavyofungwa pamoja kwa miti mirefu na wavu ukateremshwa chini yake, jinsi taa inavyowekwa karibu na maji, jinsi vidudu vidogo visivyoonekana vizuri kwa macho vinavyousogelea mwanga na sambaza wakavifuata kuvila. Kisha akaongeza jambo ambalo sikuwa nimeliuliza: mwezi ukiwa mpevu, wavuvi hurudi na samaki wachache, kwa kuwa mwanga umetapakaa juu ya ziwa zima na taa haina tena nguvu ya kuwakusanya. Katika maandalizi yangu ya siku ile nilikuwa nimeandika kwamba sambaza si samaki wa asili wa Kivu, kwamba waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959 na kwamba hula viumbe vidogo vinavyoelea majini. Juu ya mwezi hakukuwa na hata neno moja.

Nikamwomba awaambie wote. Akakataa kwa heshima: "Mwalimu, niko najua, lakini mu Kifaransa nitashindwa." Nikamwambia aseme kwa Kiswahili, tena akiwa ameketi. Akasema. Darasa lilimsikiliza kwa namna ambayo halinisikilizi mimi, na msichana mmoja akamwuliza kama mvua nayo hupunguza samaki, mwingine akauliza kwa nini basi wasivue mchana, na kwa muda mrefu sikuwa na kazi ila kuandika ubaoni kwa Kifaransa maneno ambayo wao walikuwa wanayatumia kwa Kiswahili, kila mtu ayachukue katika daftari lake. Kijana huyo hakugeuka kuwa msemaji wa darasa baada ya siku ile. Bado hukaa nyuma na bado husema kwa nadra. Lakini ni wazi kwamba lile swali langu la kwanza, lililoulizwa kwa Kifaransa na kungojewa kwa haraka, halikuwa limepima ujuzi wake hata kidogo.

Nimesema "kwa haraka", na neno hilo linanipeleka kwa mtafiti mmoja wa Marekani aitwaye Mary Budd Rowe, ambaye katika miaka ya 1960 na 1970 alirekodi masomo mengi ya sayansi na kupima ukimya uliopo kati ya swali la mwalimu na sauti inayofuata. Aligundua kwamba walimu walisubiri kwa wastani wa sekunde 1 hivi kabla ya kumwita mwingine, kulirudia swali au kujijibu wenyewe. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, waliojitolea kujibu waliongezeka, na wanafunzi waliokuwa wakidhaniwa dhaifu walianza kusikika. Aligundua pia kwamba wale waliodhaniwa dhaifu ndio waliokuwa wakipewa muda mfupi zaidi. Sasa fikiria mtoto wetu, ambaye hulisikia swali kwa Kifaransa, hulileta katika Kiswahili ili alielewe, hufikiri jibu kwa Kiswahili, hulirudisha katika Kifaransa, na hulipitia tena kuona kama kitenzi kimekaa sawa. Sekunde 3 hazimtoshi. Ninapouliza swali lenye uzito, ninatembea polepole kutoka ubaoni hadi mlangoni na kurudi kabla ya kumtazama mtu yeyote, na mwanzoni kimya hicho kilikuwa kigumu kwangu kuliko kwao.

Kuna utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 1976, uliofanywa na wanasosholojia David Karp na William Yoels katika madarasa ya chuo kikuu. Waliona kwamba watu wachache sana hubeba sehemu kubwa ya mazungumzo, na kwamba wengine wote wanalijua jambo hilo na wanalikubali: wamewaachia wachache hao kazi ya kujibu, nao wanabaki kuandika. Wanafunzi wa chuo kikuu cha Marekani hawana Kifaransa cha kuwatisha wala minervali, yaani karo ya shule, ya kuwakimbiza saa mbili asubuhi, na bado hali ni hiyo hiyo. Nilipolisoma jambo hilo niliwakumbuka watoto wa mabenchi ya mbele, ambao wengi wao nyumbani husikia Kifaransa mezani. Wao hujibu, somo husonga, kengele hulia, na mwalimu hutoka akiwa ameridhika kwamba darasa limeshiriki. Ukweli ni kwamba watoto wanne wameshiriki na wengine wametazama.

Nimeitaja minervali, na sitaki kuipita kwa haraka. Elimu ya msingi katika shule za serikali ilifanywa kuwa ya bure tangu mwaka 2019, lakini sekondari wazazi bado wanalipa. Mtoto ambaye hajalipa huingia darasani akijua kwamba wakati wowote mtu anaweza kufungua mlango akiwa na orodha mkononi, akasoma majina, na wanaotajwa wakakusanya madaftari yao na kutoka. Mtoto wa namna hiyo hujifunza ustadi mmoja kabla ya mingine yote, nao ni kutoonekana. Hakai mbele. Hamtazami mwalimu usoni. Haulizi swali, kwa maana anayeuliza huulizwa jina, na jina lake ndilo asilotaka litamkwe kwa sauti. Baada ya Februari 2025, mji ulipochukuliwa na waasi wa M23 na benki zikafungwa, wazazi waliokuwa wakilipa kwa wakati nao wakaanza kuchelewa, na nikaona baadhi ya watoto wa mabenchi ya mbele wakirudi nyuma. Hawakuwa wamesahau biolojia.

Tangu wakati huo kuna kimya kingine pia, ambacho sitakizungumzia sana. Wapo katika madarasa yetu watoto waliokimbia vijiji vyao, na wapo waliopotewa na jamaa. Watoto wengi wamefundishwa nyumbani kwamba mbele ya watu wasiowafahamu ni heri kutosema chochote, na wazazi waliowafundisha hivyo walikuwa wakiyalinda maisha yao. Mwalimu hana haki ya kuuita woga huo uvivu.

Malezi nayo yana sehemu yake, hasa kwa wasichana. Katika nyumba nyingi za hapa kwetu mtoto hasemi mzee anapokuwa anasema, na binti hufundishwa zaidi ya kaka yake kuinamisha macho na kujibu kwa sauti ndogo. Sioni aibu yoyote katika heshima hiyo, nami nimelelewa ndani yake. Lakini msichana huyo huyo, anapofika shuleni, huambiwa kwamba akili yake itapimwa kwa kupingana na mwalimu aliye na umri wa baba yake, tena mbele ya wavulana ambao watasema anajiona. Sikubaliani na wenzangu wanaosema kwamba ni lazima kwanza amwage malezi yake mlangoni. Ninachofanya ni kulibadilisha lile ninalomwomba. Badala ya kumwambia apinge nilichosema mimi, ninaandika ubaoni maoni mawili yasiyo na mwenyewe na kuuliza lipi lina ushahidi wenye nguvu. Binti ambaye hawezi kumwambia mwalimu "umekosea" anaweza kusema bila shida kwamba oni la pili lina kasoro, na hoja yake inakuwa ile ile.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo linanisumbua kuliko yote kwa kuwa liko katika karatasi zetu wenyewe. Fishi ya maandalizi ya somo, ambayo kila mwalimu hutakiwa kuwa nayo mezani mkaguzi anapoingia, ina safu ya mwalimu na safu ya mwanafunzi. Katika safu ya mwalimu tunaandika swali. Katika safu ya mwanafunzi tunaandika jibu, usiku uliotangulia, nyumbani, wakati mwanafunzi mwenyewe amelala. Kisha asubuhi tunaingia darasani kulitafuta jibu hilo katika vinywa vya watoto. Anayesema jambo la kweli lakini lisiloandikwa katika fishi husikia "hapana, nani mwingine?", na baada ya miaka kadhaa ya kusikia hivyo wanafunzi wanaelewa kwamba swali la mwalimu ni kitendawili ambacho mteguzi wake ni mmoja, mwalimu mwenyewe. Kwa nini basi ajihatarishe? Akisubiri kidogo tu, mwalimu atalisema jibu na kulitolea imla. Mtihani wa Taifa nao unalithibitisha hilo, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni maswali ya kuchagua jibu moja kati ya yaliyotolewa.

Wapo walimu wanaodhani dawa ni alama: kila anayeinua mkono apewe kitu, na asiyeinua apunguziwe. Ninaipinga njia hiyo kwa nguvu zote. Inawapa thawabu watoto ambao tayari wana Kifaransa, viatu na minervali, na kuwatoza faini wale wasio navyo. Wapo pia wanaomwita kwa ghafla yule aliyejificha, wakamsimamisha hadi aseme neno. Nimeona mtoto akisimama hivyo hadi machozi yakamtoka, na jambo pekee alilojifunza siku ile ni kukaa mbali zaidi.

Kilichonisaidia ni vitu vidogo, na baadhi yake vina jina kwa wataalamu. Ile njia ya kufikiri kwanza peke yako, kisha kuzungumza na jirani, kisha kulieleza darasa, ilipendekezwa mwaka 1981 na Mmarekani Frank Lyman, na inalifaa sana darasa letu lenye mabenchi yasiyosogezwa na wanafunzi watatu au wanne kwa kila benchi, kwa sababu haihitaji kuhamisha kitu chochote. Mimi nimeongeza sharti moja: mazungumzo ya benchi yawe kwa lugha yoyote watakayo, na atakayesimama aseme "benchi letu linafikiri", wala si "mimi nafikiri". Kosa likitokea, ni la benchi. Kuhusu hesabu yenyewe, katika darasa la wanafunzi 60 na somo la dakika 50, hata kila mmoja akipewa dakika 1 tu ya kusema mbele ya wote, somo lingekwisha kabla hatujafika kwa wote. Lakini mabenchi yakizungumza kwa wakati mmoja kwa dakika 5, kila mtoto anapata nafasi. Kuna kelele, na mkuu wa shule amekwisha kuja mlangoni kuuliza kuna nini.

Ninapokea pia maswali kwenye vipande vya karatasi visivyo na jina. Wakati tulipokuwa tukisoma habari za mimba, nilipata kimoja kilichoandikwa kwa Kiswahili kwa herufi ndogo mno: ikiwa damu ya mama na damu ya mtoto hazichanganyiki, dawa anayokunywa mama humfikiaje mtoto? Hilo ni swali la mtu ambaye ameisikiliza kila sentensi yangu, akaziweka pamoja, akaona mahali zisipokutana. Lilitupeleka hadi kwenye kondo la nyuma, kwenye kuta nyembamba ambazo baadhi ya vitu hupenya na vingine huzuiliwa, na kwa nini mama mjamzito haruhusiwi kunywa kila dawa inayouzwa kando ya barabara. Hakuna hata mmoja kati ya wale wanaoinua mikono aliyekuwa ameliuliza.

Wenzangu hunijibu kwamba programu ni ndefu, madarasa yamejaa, na mshahara hautoshi hata kumfanya mtu asubiri sekunde hizo zote. Juu ya mshahara na msongamano wana haki, nami sitaki kusikika kama mtu anayewabebesha walimu peke yao mzigo ambao serikali ingepaswa kuubeba. Juu ya programu sikubali, kwa kuwa sura iliyomalizwa huku darasa likiwa kimya hurudiwa yote mwezi mmoja kabla ya mtihani. Na walimu wawili wa shule yetu wamekubali kujaribu pamoja nami jambo moja mwaka huu: katika fishi, karibu na swali moja tu la kila somo, safu ya mwanafunzi tutaiacha wazi, tuijaze baada ya kengele kwa maneno yaliyosemwa kweli darasani, kwa Kiswahili kama yalisemwa kwa Kiswahili. Mkaguzi akiuliza kwa nini pana nafasi tupu, tutamwonyesha fishi za wiki zilizopita.